Tumehamia Madale, chai nzuri ya asubuhi tuipate wapi?

Swali

"Tulihamia Madale mwaka jana kutoka Upanga. Mjini tulizoea kila Jumamosi kutoka na watoto kwenda kunywa chai, leo hapa, wiki ijayo pale. Huku tumekuta vitu viwili tu. Ama kibanda cha supu na chapati, kitamu sikatai, ila kilekile kila kona. Ama mgahawa wenye maua ya plastiki ukutani, unauziwa mayai mawili na soseji kwa bei ya kuku mzima. Mama yangu amekuja kukaa nasi kutoka Tanga, naye ana sukari. Chai ya mgahawani aliionja mara moja akasukuma kikombe, akasema hayo ni maji ya suuza. Je, huku pembezoni kuna sehemu zenye ubora na ubunifu, na mtu anazipataje? Au tukubali tu kuendesha gari kurudi mjini?"

Jibu

Dada yangu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama. Mtu wa Tanga akisukuma kikombe usibishane naye. Majani ya chai yanalimwa kwao, Usambara, na maziwa ni kitu walichokulia. Huyo ndiye kipimo chako, nitamrudia.

Nimefanya zamu ya alfajiri jikoni mwa hoteli moja mjini kwa miaka 14. Naingia saa tisa usiku, natoka saa tano asubuhi, wakati wenzangu ndiyo kwanza wanaulizana mchana watakula nini. Tangu niache, kazi yangu ni kuwafundisha mama lishe na wenye migahawa midogo, na wengi wako upande wenu huo: Tegeta, Wazo, Goba, Boko, Bunju. Kwa hiyo nakujibu bila kusita: sehemu zipo, na kuna mbili tatu zinazoipita kwa mbali ile hoteli iliyokuwa inanilipa mshahara. Ila hamtaziona mkizitafuta saa nne asubuhi mkiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

Chai ya asubuhi inapikwa usiku. Chukua chochote unachokikumbuka kwa utamu: vitumbua vinataka mchele uliolala kwenye maji, maandazi yanataka unga uliokandwa na kuachwa uumuke, mbaazi za nazi zinataka kulowekwa tangu jioni, supu inataka mifupa iliyokesha jikoni, uji wa ulezi mtamu unataka unga uliokorogwa jana ukaanza kuchachuka. Mpishi aliyefungua jiko saa moja asubuhi hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana mayai, soseji na mkate wa dukani, basi. Mayai na soseji ni chakula cha jiko lililochelewa kuamka, na ndiyo maana mgahawa wenu wa maua unauza hivyo hivyo tu. Siyo kwamba mwenyewe hana ubunifu. Wapishi wake wanatoka mbali, usafiri wa alfajiri ni shida, wanafika jua limeshachomoza.

Basi ukifika mahali papya, kabla ya kuomba menyu, muulize anayekuhudumia: "Leo mmeanza kupika saa ngapi?" Swali la kawaida, halimuudhi mtu. Akikwambia saa kumi, kaa. Akikutazama kama umeuliza umri wake, agiza soda umalize safari.

Sasa nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu, maana ukikijua hiki vingine utavitambua mwenyewe. Chukua kitumbua. Kuna kitumbua cha mchele wa kuloweka na kuna cha unga. Cha kwanza, mchele umelala majini usiku mzima, ukasagwa na tui la nazi na iliki, ukatiwa hamira na sukari kidogo, ukaachwa mpaka ujae mapovu madogo madogo juu. Unamiminwa kwenye kile chuma chenye mashimo, mafuta kijiko kimoja kila shimo, moto wa wastani. Ukikimega kitumbua hiki ndani kina vitundu vilivyosimama wima kama sega la nyuki, pembeni kina ukingo mwembamba wa kahawia unaovunjika jinoni, na mkononi hakikuachii mafuta ya kutiririka. Cha unga wa ngano kinavutika kama mkate, ndani vitundu vimelala ovyo, na kikipoa kinakuwa mpira. Siku hizi wengi wanachanganya nusu kwa nusu kwa sababu mchele umepanda bei. Siwalaumu, lakini bei ya kitumbua haikushuka, kwa hiyo una haki ya kujua unachokula.

Kuna mama mmoja nilimfundisha hesabu za biashara (kupika alikuwa ananishinda, sikuthubutu kumgusa), yuko njia ya kupanda Wazo, jiko lake liko chini ya mwembe na mabenchi matatu. Anakaanga kuanzia saa kumi na moja na nusu, saa mbili kasoro amemaliza, anaosha chuma chake anaondoka. Majirani zako wa mtaa huo wameniapia kwamba hakuna mtu anayeuza vitumbua pale. Wanaamka saa tatu!

Supu nayo. Umesema ni ileile kila kona. Hapo nakubishia kidogo. Inafanana kwa macho, mdomoni haifanani. Jaribio ni hili: kunywa vijiko viwili bila ndimu wala pilipili, kisha funga mdomo. Midomo ikishikana kidogo kama umepaka gundi nyepesi, hiyo ni supu ya mifupa na kongoro iliyochemka taratibu saa nyingi mpaka ute wa mifupa ukatoka. Kama haishikani, na bado ni nzito, kuna mtu amekoroga unga au ameponda viazi humo. Na kama baada ya nusu saa unatafuta maji kama uliyetoka shamba, wamekupikia viungo vya pakiti. Kitu kingine ni saa. Sufuria ya saa kumi na mbili na sufuria ya saa nne ni ileile kwa jina tu. Katikati wameongeza maji mara tatu. Mkifika saa nne mnakunywa maji ya moto yaliyopita karibu na ng'ombe, halafu mnalalamika kwamba Madale hakuna supu.

Chapati sitaiongelea sana. Ile inayotolewa kwenye hotpoti imejitolea jasho, imelegea. Ile inayotoka chumani unaichambua tabaka kwa tabaka. Subiri ya chumani, hata kama ni dakika kumi.

Nije kwenye kutafuta kwenyewe. Nadhani mnaandika "breakfast Madale" kwenye ramani ya Google. Mkiandika hivyo mtaletewa wale waliojiandikisha kwa Kiingereza, yaani haohao wa maua ya plastiki. Hata "kifungua kinywa" hakitawasaidia. Sisi tukikutana asubuhi tunaulizana "umekunywa chai?" tukiwa na maana ya mlo mzima, na ukutani kwa mama lishe hakuna aliyeandika jina la mlo, kumeandikwa chakula chenyewe kwa rangi nyekundu: SUPU, MTORI, CHAPATI, UJI. Tafuta hivyo hivyo, kimoja kimoja. Andika "mtori" utazame inachokuletea kati ya Tegeta na Goba, kesho andika "supu ya samaki". Ukipata, acha kuhesabu nyota. Fungua picha zilizopigwa na wateja, siyo za mwenye biashara, uangalie mbili: mwanga, ujue ni asubuhi au jioni, na sahani ya jirani aliyeingia kwenye picha kwa bahati mbaya. Sahani ya jirani haidanganyi. Maoni nasoma ya nyota tatu. Wa nyota tano anasifia mandhari, wa nyota moja aligombana na mhudumu. Wa nyota tatu ndiye anakwambia chapati zilikuwa nzuri ila chai ilikuwa ya chupa.

Lakini simu itakufikisha nusu ya njia. Iliyobaki ni kuuliza watu, na kuna namna ya kuuliza. Ukimuuliza dereva wa bodaboda "wapi kuna chakula kizuri?" atakuangalia gari, atakuangalia viatu, atakupeleka mahali ghali. Muulize: "Wewe leo umekunywa chai wapi?" Hapo atakujibu kama mtu. Mafundi ujenzi vilevile. Madale na Goba kila kiwanja cha tatu kuna nyumba inapanda, na fundi anayebeba zege hawezi kudanganywa tumbo. Kwenye saiti yenye watu ishirini kuna mama anayewaletea uji na mihogo, naye ana jiko lake mahali. Mfuate na ndoo zake.

Jumamosi na Jumapili kuna watu wa jogging. Mtakuwa mmeshawaona, wamevaa fulana za rangi moja, wanaimba, wamefunga nusu ya barabara. Madereva wanawachukia, mimi nawapenda, kwa sababu kila klabu ina mahali inapomalizia mbio, na mahali hapo pana supu ya uhakika. Watu hamsini wenye njaa kwa wakati mmoja hawarudi wiki ijayo wakipewa maji. Halafu kuna wanaotoka misa ya kwanza, na wanaotoka msikitini baada ya alfajiri, angalia wanapogeukia. Wazo kuna kiwanda cha saruji, na penye kiwanda pana malori na watu wa zamu, na mtu anayetoka zamu ya usiku hali kifungua kinywa, kwake hicho ni chakula cha usiku. Anataka sahani ya kweli. Majiko yanayomlisha huyo yanawaka muda ule mnaoutaka ninyi.

Kijiwe cha kahawa pia msikidharau. Wale wazee wenye vikombe vidogo wanaojadili bunge tangu saa kumi na mbili wanajua nani kaanza kupika nini, nani kaugua, nani kahamisha banda. Mwambie mume wako akae dakika kumi, anywe vikombe viwili vya kahawa chungu na kashata, aulize. Ni habari ya bei nafuu kuliko zote.

Kuna ujanja mmoja wa jikoni nitakupa bure: tafuta bucha yenye jiko pembeni. Nyama ya machinjio kama Vingunguti inaingia buchani alfajiri. Maini ndiyo yanayoharibika haraka, kwa hiyo mwenye jiko karibu na bucha anayachukua yakiwa bado na mng'aro, saa mbili yako mezani na vitunguu na pilipili hoho. Maini rosti ya namna hiyo na chapati ya chumani, sikumbuki kuyapata hata hotelini, kwa sababu sisi tulikuwa tunayatoa kwenye friza.

Umetumia neno ubunifu. Mjini neno hilo limekuwa na maana ya jani la mnanaa juu ya yai. Mahali fulani, jina nalihifadhi, nililetewa pankeki ya rangi ya zambarau. Nikauliza imetiwa nini, nikitumaini kusikia zabibu au hata karoti za zambarau, nikajibiwa "rangi". Kwangu mimi ubunifu ni badiliko moja lenye sababu. Kijana mmoja Goba ana toroli na chuma cha chapati. Anapika ile chapati ya kukunja na mayai ambayo Waganda wanaiita rolex, siku hizi imezagaa kila mahali. Yeye ndani anatia dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakavu, na badala ya nyanya anatia embe bichi lililokatwa nyembamba kama njiti, chumvi na pilipili. Nikamuuliza embe limetoka wapi. Akasema nyanya zilipanda bei kipindi cha mvua na nyuma ya banda lake kuna mwembe. Umeona? Ukali wa embe unakata mafuta ya dagaa na yai kuliko nyanya ilivyowahi kufanya. Nyanya ziliposhuka bei wateja walikataa zisirudi. Hakuna mahali pameandikwa kwamba ni mbunifu.

Na pembezoni mwa Dar ndiko vitu hivi vinapozaliwa, kwa sababu moja rahisi. Upanga watu wamekaa vizazi. Madale kila mtu alinunua kiwanja juzi, na kila mmoja kaja na chungu cha kwao. Mchaga amekuja na mtori, na kama ni mtu makini atatumia ndizi mshare, hatatumia ndizi yoyote aliyoikuta. Muulize, akitaja mshare bila kufikiri umefika. Mhaya anapika katogo, ndizi zimechemshwa pamoja na utumbo au maharage mpaka vimeshikana, chakula cha asubuhi kwao na kwa jirani zao wa Buganda. Mtu wa Unguja ana mkate wa kumimina, unaokatwa pembetatu kama keki, wa mchele na nazi. Mtu wa Mombasa aliyeolewa Tegeta atakupikia mahamri na mbaazi za nazi, na akikuonea huruma atakuonyesha kwamba hamri linapasuliwa tumbo mbaazi zikaingia ndani. Vyakula hivi vyote viko kilomita chache kutoka getini kwako. Haviko chini ya paa moja, ndiyo kazi yenyewe, na mkiacha kutafuta mgahawa mmoja wenye kila kitu mtaanza kula vizuri.

Najua kwa sababu mimi nilifungua mgahawa huo mmoja wenye kila kitu, Tabata. Menyu ilikuwa na vitu 38. Nilikuwa na majokofu mawili, umeme ukikatika nakesha nikihesabu kuku. Nilidumu miezi minane. Siku hizi nikiona menyu ya asubuhi ina kurasa sita nafunga nawaachia hapo mezani. Nikiona ubao wenye vitu vinne, na kimoja kimeshafutwa kwa chaki kwa sababu kimekwisha, navuta kiti.

Migahawa ya kisasa nisiionee. Una watoto, mnataka kivuli, choo kisafi, mahali pa kuegesha gari na watoto wakimbie bila kugongwa na bajaji. Hivyo vinagharimu, na bei ya mayai mawili imebeba kodi ya bustani. Hakuna ubaya kulipia bustani ukijua unalipia bustani. Ila wapime kwa kahawa. Nchi hii inalima arabika Kilimanjaro, Mbozi na Mbinga, na robusta Kagera. Muulize mhudumu "kahawa yenu ya wapi?" Akitaja mkoa, na nyuma yake unasikia mashine inasaga, huenda na jikoni kuna mtu anayejali. Akirudi na kikombe cha maji ya moto na kipakiti pembeni, mayai nayo yatakuwa hivyohivyo. Na wakikutoza zaidi kwa "mayai ya kienyeji", omba kuyaona kabla hayajapasuliwa. Ya kienyeji ni madogo na maganda hayafanani rangi. Trei nzima ya mayai yaliyolingana kama mapacha imetoka bandani.

Usafi. Usiangalie vitambaa vya meza, angalia beseni la kuoshea vyombo. Yakiwa mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuza, na kwenye maji ya kusuuza unaona mpaka chini ya beseni, vizuri. Likiwa moja, na maji yana rangi ya chai ambayo mama aliikataa, ondokeni. Angalia pia mkono unaopokea hela kama ndio unaogeuza maandazi. Mafuta ya kukaangia yakitoa povu jingi na moshi kabla kitu hakijaingia, yamechoka. Kachumbari kwa watoto, mahali ambapo hujayaamini maji, ruka. Supu inayochemka haijawahi kuniangusha; kachumbari imeshanilaza siku mbili.

Sasa mama. Kwanza chai, maana naona ndiyo iliyoleta ugomvi. Chai ya maziwa nzuri ina utaratibu. Tangawizi inapondwa, inachemshwa na maji kwanza, mpaka harufu ijae. Ndipo maziwa yanaingia, ndipo majani. Ukitia tangawizi mbichi kwenye maziwa kabla haijachemka sawasawa maziwa yanakatika, yanakuwa chenga chenga. Wapishi wavivu wanaogopa kukatika huko, wanatumia tangawizi ya unga, na ndiyo ile mashapo unayoyakuta chini ya kikombe. Halafu wanaimimina kwenye chupa saa kumi na moja inakaa mpaka saa tatu, inageuka rangi, inapata ladha ya kizibo. Hayo ndiyo maji ya suuza ya mama, amesema kweli tupu. Mwombeni mpishi aichemshe mbele yenu, kikombe kimoja, kwenye sufuria ndogo. Wengi watakubali mkiongeza kitu kidogo. Na kabla hajanywa muulize kama imeshatiwa sukari, kwa sababu vibandani kuna wanaoitia sukari sufuriani, na ukija kuambiwa kikombe kimeshafika nusu.

Kwa mwenye sukari vitumbua na maandazi ni vya kuonja, kimoja akagawane na mjukuu. Watu wanamdanganya mgonjwa kwamba uji wa ulezi hauna shida. Una wanga wake na wauzaji wanautia sukari kwa kikombe. Chakula cha asubuhi kilichopikwa kama kwa ajili yake kiko Kunduchi. Shukeni Tegeta, chukueni Barabara ya Bagamoyo kurudi upande wa mjini, mwingie Kunduchi pwani, kwenye samaki. Fikeni mapema wavuvi wakiwa wanatoa mzigo. Chagueni changu au kolekole, jicho lililo wazi na shavu jekundu ndani, mwombe apikiwe chukuchuku: maji, chumvi, ndimu, pilipili moja nzima isipasuke, kitunguu, labda kipande cha bamia. Mtu wa Tanga akipewa samaki wa namna hiyo na kipande kidogo cha muhogo wa kuchemsha hataulizia soseji. Mengine yote afuate alivyoelekezwa kliniki.

Jambo la mwisho ambalo wageni wa pembezoni huchelewa kuligundua: majiko mengine bora hayana meza hata moja. Ingieni kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ndani yake, katikati ya matangazo ya viwanja na mbwa waliopotea, kuna wanawake wanaopokea oda usiku kwa ajili ya asubuhi. Vitumbua ishirini, chapati kumi, mkate wa kumimina mmoja, bodaboda anakuletea saa moja. Muulize kila mmoja anapika nini kwao, siyo anauza nini. Hapo ndipo utaambiwa "mimi ni mtu wa Pangani, mkate wa mchele naupika lakini hakuna anayeuagiza". Agiza wewe. Mlipe nusu kabla, mwambie ukweli ukikosewa, na mwezi unaofuata atakuwa anakutumia picha ya unga umeumuka saa nne usiku bila kuombwa.

Jumamosi hii fanyeni hivi. Ijumaa usiku mume wako ampigie mtu mmoja wa bodaboda aliye naye kwenye simu, amuulize lile swali. Jumamosi tokeni saa kumi na mbili na nusu, watoto na usingizi wao, kwa miguu kama panafikika. Agizeni kidogo mahali pa kwanza, mbakize nafasi ya pa pili. Mama aonje chai kabla yenu. Akisukuma kikombe, lipeni msonge mbele. Akiomba aongezewe, muulizeni mpishi siku ambazo hapiki, ili msije mkapanga safari mkakuta benchi tupu.